Mbunge kauliza bungeni kuhusu zahanati yetu, jibu ni "kadri fedha zitakavyopatikana". Ndo imeishia hapo?

Boma Letu

Wakuu habari za humu. Naomba wanaojua mambo ya Bunge wanisaidie maana nimeshindwa kulala na hili jambo.

Kijijini kwetu, huku magharibi, tulijenga boma la zahanati kwa nguvu zetu wenyewe. Kila kaya ilitoa tofali za kuchoma, wengine wakasomba mchanga na maji kwa mkokoteni, akina mama wakapika, fundi tukamlipa kwa mchango wa baada ya mavuno. Tukafika kwenye lenta, tukaambiwa na viongozi kwamba mkifika hapo serikali inamalizia. Hiyo serikali kumalizia tumeisubiri mpaka leo. Tofali za juu zimeanza kulika na mvua, miti ya kenchi tuliyoipanga ndani imeshaliwa na mchwa, mbuzi ndo wanalala humo. Mama akishikwa uchungu anapakiwa kwenye bodaboda kwenda kituo cha afya cha kata ya jirani, na masika mto ukijaa hata hiyo bodaboda haipiti.

Sasa mbunge wetu akatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba swali letu linajibiwa, tukakaa tukasikiliza kwa simu. Naibu waziri akasimama, Mheshimiwa Spika kwa niaba ya Waziri wa Nchi naomba kujibu swali kama ifuatavyo, Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma nchini kadri fedha zitakavyopatikana. Basi. Mbunge akapewa maswali mawili ya nyongeza, moja akauliza gari la wagonjwa, la pili akaingia kwenye barabara!! Boma likaachwa pale pale.

Ninachotaka kujua, lile jibu lina nguvu gani? Kuna mtu anafuatilia waziri alichosema au kinabaki maneno tu? Na sisi wa kijijini tunaweza kufanya nini, maana sasa hivi ukiitisha mchango wowote watu wanakujibu kamalizieni kwanza boma.

Mwandishi Dom

Mkuu pole sana. Mimi nimekaa ile nyumba ya Dodoma kama mwandishi kwa muda mrefu, ngoja nikueleze inavyokwenda maana watu wengi wanaona zile dakika chache za kwenye klipu tu.

Kwanza haki ya kuuliza ipo kwenye Katiba, ibara ya 63(3)(a), Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Kwahiyo waziri hajibu kama hisani. Ila swali la msingi halitokei asubuhi ile unayoisikia, mbunge analipeleka kwa maandishi Ofisi ya Bunge mapema, linapangiwa siku, linapelekwa wizarani. Na hapa ndo pa kuangalia sana, wizara ikishalipokea inafanyaje? Inaandika kwenda mkoani na kwenye halmashauri yenu kuomba taarifa za hicho kijiji. Mkurugenzi anamwambia mganga mkuu wa wilaya na afisa mipango waandae majibu, yanarudi juu, yanapangwa vizuri, naibu waziri anayasoma. Yani lile jibu ulilolisikia Dodoma kuna uwezekano mkubwa limeanzia ofisi ambayo unaifikia kwa nauli ya basi. Kama halmashauri imeandika kwamba boma halipo kwenye mpango wa mwaka huu, naibu waziri pale hana cha kusema zaidi ya hicho alichosema.

Pili, swali lilivyoundwa. Mimi nikiona "Je, Serikali ina mpango gani wa kukamilisha zahanati ya kijiji fulani" najua jibu litakuwa la mpango, maana mpango huwa haukosekani. Afadhali "ni lini", maana hapo waziri analazimika kutaja mwaka wa fedha. Na bora zaidi ni yule anayeuliza je boma hilo limo kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha, kwa shilingi ngapi, na mpaka leo zimepelekwa shilingi ngapi. Swali kama hilo halina pa kupitishia maneno ya jumla, ama namba ipo ama haipo, na kama haipo nchi nzima imesikia kwamba haipo.

Tatu maswali ya nyongeza. Wabunge wazoefu wa zamani silaha yao ilikuwa hapo, maana hayo waziri hana karatasi yake. Swali la msingi wanalifanya jepesi kidogo halafu kwenye nyongeza anabana. Mbunge wako kuuliza gari na barabara namuelewa, jimbo kubwa, kila kijiji kinataka kusikia jina lake, ila kwa boma lenu nafasi ilipotea, lazima tuseme ukweli.

Kuhusu nguvu ya jibu: lile jibu limeingia kwenye Taarifa Rasmi, yani Hansard, na Hansard ziko kwenye tovuti ya Bunge mtu yeyote anapakua. Itafute ya siku hiyo, itoe ukurasa wenye jibu lenu, uhifadhi. Sio hukumu ya mahakama, hakuna anayefungwa kwa kutotekeleza, lakini mbunge akisimama tena na kusoma maneno ya serikali yenyewe na tarehe yake, meza ya mawaziri inakaa vingine kabisa.

Msukuma wa Magu

Mwandishi umeeleza vizuri ila naomba tusiwape watu matumaini hewa. Bunge tangu uchaguzi wa 2020 karibu lote ni la chama kimoja. Mbunge anauliza, anajibiwa kadri fedha zitakavyopatikana, anashukuru kwa majibu mazuri ya serikali, halafu mwezi wa sita anasimama anasema naunga mkono hoja asilimia mia moja. Huyo anambana nani? Mimi nimezaliwa kijijini nimeona mama yangu mdogo anafia njiani kwa kukosa damu, haya mambo yananiuma, siwezi kukaa kuhesabu maswali yaliyoulizwa wakati hakuna aliyewajibishwa. Na kuna kipindi, kuanzia 2016, hata matangazo ya moja kwa moja TBC yalisitishwa, wananchi tukawa tunapewa vipande vya usiku.

Mwandishi Dom

Msukuma pole kwa msiba huo ndugu yangu. Hoja ya chama kimoja siipingi, upinzani ulipokuwa na viti vingi maswali yalikuwa makali na mawaziri walikuwa wanajiandaa zaidi, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ila mbunge wa chama tawala naye ana vitu mkononi akiamua.

Kikubwa ni kushika shilingi. Kwenye mkutano wa bajeti, ule unaoanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, bajeti ya wizara ikifika Kamati ya Matumizi mbunge anaweza kusimama kwenye kifungu cha mshahara wa waziri akasema nisipopata maelezo ya kuridhisha natoa hoja ya kuondoa shilingi. Akiungwa mkono wabunge wengine wanachangia hoja hiyo moja, waziri anajibu pale pale, akishindwa inapigiwa kura. Ni kweli nyingi zinaishia mbunge kurudisha shilingi, ila kabla hajairudisha waziri ameshatamka kitu kimoja mahsusi chenye muda. Nimeona ahadi za namna hiyo zikitekelezwa kuliko za kipindi cha maswali, kwa sababu hapo waziri anaomba hela na mbunge ndo anaidhinisha, wote wanahitajiana.

Halafu kuna kosa wanafanya hata baadhi ya wabunge wenyewe. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, kwahiyo wa kujibu ni TAMISEMI, yani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya inashika sera, miongozo, dawa kupitia MSD (Bohari ya Dawa), hospitali za rufaa. Ukifungua vitabu vya bajeti ukatafuta boma lenu Fungu 52 la Wizara ya Afya hulioni, wala Fungu 56 la TAMISEMI makao makuu huenda usilione, hela za miradi ya halmashauri zinakaa kwenye fungu la mkoa. Kila mkoa una namba yake, mfano Kigoma ni 74, Tabora 85. Kitabu cha miradi ya maendeleo ni cha nne. Mbunge akienda na kitabu hicho mkononi anauliza kwa kifungu, sio kwa huruma.

Nesi wa Kijijini

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni muuguzi, niko zahanati moja huku pembezoni sitaitaja. Nimesoma mada yote nikaona kila mtu anaongelea jengo, naomba niingie hapo.

Bungeni kila siku ni majengo majengo. Ni lini serikali itajenga, ni lini itamalizia. Nawaelewa kwasababu jengo linaonekana na linazinduliwa. Lakini jengo likishazinduliwa ndo linaanza la kwetu. Hapa nilipo ikama, yani idadi ya watumishi inayotakiwa, inasema tuwe watumishi kadhaa wa kada tofauti, tuliopo ni mimi na mhudumu wa afya, tabibu alihamishwa hakuletwa mwingine. Usiku akija mama wa kujifungua naamka mimi, asubuhi kliniki ya watoto mimi, dirisha la dawa mimi, kujaza rejista za mtuha (taarifa za huduma za afya) mimi, na kuingiza malipo kwenye mfumo mimi. Nikiitwa semina wilayani mlango unafungwa. Wagonjwa wanakuja wanakuta kufuli wanarudi wanasema zahanati haina maana, na nawaelewa.

Dawa nazo. Tunaagiza MSD, kuna vitu vinakuja kuna vitu unaandikiwa havipo, vikikosekana tunatakiwa tununue kwa mshitiri, yani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, na hapo lazima uwe na salio kwenye akaunti ya kituo. Tangu 2017/18 hela ya mfuko wa pamoja inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hili ni jambo zuri sana na nalisifia kutoka moyoni, zamani ilikuwa inakaa wilayani unaiomba kama zawadi. Lakini zahanati ndogo hela yake ni ndogo, na ikichelewa robo moja tu rafu zinabaki na paracetamol. Mtu wa CHF, bima ya afya ya jamii, amelipa 30,000 kwa kaya ya watu sita, anafika na kadi yake namwambia mama dawa hii nenda kanunue duka la dawa. Unajua macho anayokuangalia nayo? Na sasa sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapitishwa Novemba 2023, sawa, lakini kadi haitibu, kinachotibu ni kilichopo kwenye rafu na mtu aliyepo zamu.

Kwahiyo Boma Letu kaka yangu, mkimpelekea mbunge swali jingine muongezeeni hili: likikamilika, watumishi wangapi wametengwa, wa kada gani, wanaripoti lini, na nyumba ya mtumishi iko wapi. Nyumba ya mtumishi wengi wanaisahau. Nesi ukimpangishia chumba kilomita kadhaa kutoka zahanati usiku hafiki, hata awe na moyo gani.

Mwandishi Dom

Nesi asante dada yangu. Na hilo ulilosema halijaonwa na wewe peke yako, ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikirudia kutaja majengo ya afya yaliyokamilika ila hayatumiki kwa kukosa vifaa au watumishi. CAG anakabidhi ripoti kwa Rais mwisho wa Machi, Aprili inawekwa mezani bungeni. Baada ya hapo kuna kamati ya LAAC, hii ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita wakurugenzi wa halmashauri wanahojiwa kwenye meza na nyaraka zao. Mkurugenzi anaulizwa hela ya kituo hiki ilikuja lini, imetumika nini, jengo liko hatua gani, na hakuna wa kujibu kwa niaba yake. Kwa kuona kwangu kazi kubwa ya kuhoji serikali inafanyika kwenye kamati kuliko ukumbini, sema kamera haziendi huko sana.

Kilifi Kwetu

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania, nachungulia kutoka pwani ya Kenya. Kwetu mambo ni tofauti kidogo na nadhani yafaa mjue. Tangu 2013 afya iko kwa kaunti, serikali kuu imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Kwa hivyo dispensari ya kijijini wa kuuliza ni MCA, yani mjumbe wa bunge la kaunti, anamuuliza waziri wa afya wa kaunti pale bunge la kaunti. Juu yake kuna Seneti, hao wanawaita magavana wajibu kuhusu pesa zilizopelekwa mashinani. Waziri wa serikali kuu naye siku hizi anakuja Bunge la Taifa siku ya Jumatano kujibu maswali, kwa sababu chini ya katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, kwa miaka maswali yalikuwa yanaishia kwenye kamati tu.

Lakini msidhani sisi tumepona. Watu wengi bado wanamwendea mbunge wa taifa na shida ya dispensari, na pesa zake za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, sheria imeziweka kwa kazi za serikali kuu kama shule na usalama, zahanati si zake. Basi anaahidi kitu ambacho hana uwezo nacho, MCA naye amekaa kimya hakuna anayemsumbua. Mkosi ni ule ule wa kumuuliza asiyehusika. Kitu kimoja kizuri tulicho nacho ni ibara ya 119, mwananchi mwenyewe anaandika ombi kwa Bunge, na likipokelewa lazima kamati ilishughulikie. Wazee wa kijiji wanaweza kuitwa kutoa ushahidi.

Diwani Mstaafu

Salaam wanangu. Nimekuwa diwani, sasa nimepumzika, nalima. Boma Letu nisikilize mimi mzee wako kwa sababu hapa kuna jambo la kalenda ambalo hakuna aliyeligusa.

Bajeti ya halmashauri haitengenezwi Juni. Inaanza kuandaliwa mwishoni mwa mwaka, Novemba, Desemba huko, vijiji vinaleta vipaumbele, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinakuja halmashauri, Baraza la Madiwani linapitisha, vinakwenda mkoani. Bunge likikaa Aprili vitabu vimeshachapwa. Sasa mbunge akiuliza mwezi wa tano kuhusu boma ambalo halikuletwa kutoka kijijini mwezi wa kumi na moja, hata waziri angekuwa ndugu yake wa damu hana pa kuliingiza kwa mwaka huo, labda lisubiri mwaka unaofuata. Nimeona vijiji vikilalamika miaka mitatu mfululizo na ukienda kufungua mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji hakuna hata mstari mmoja unaotaja zahanati, kinachotajwa ni ugomvi wa mipaka na michango.

Kwahiyo anzia hapo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Muhtasari wake una boma? Ulipelekwa kata? Diwani wako alilisema kwenye Baraza? Baraza lina maswali pia, na mkurugenzi yuko pale mbele yenu na wakuu wa idara wote, mganga mkuu yumo. Na mbunge wenu ni mjumbe wa Baraza hilo hilo. Mimi nilikuwa nambana mganga mkuu pale kuliko alivyobanwa na mtu yeyote Dodoma, maana nilikuwa najua gari la wagonjwa liliegeshwa wapi na tairi lipi limeisha.

La pili, Mfuko wa Jimbo. Upo kisheria tangu 2009, mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Hela yake sio ya kumaliza zahanati, lakini bati na mbao za boma lililofika lenta inaweza kusogeza. Kwa miaka hii serikali imekuwa ikileta milioni 50 kumalizia boma moja la zahanati. Boma lililoezekwa, lenye ramani iliyokubaliwa na mhandisi wa halmashauri, ndo linachukuliwa kwanza likija fungu. Ramani mlipewa na nani?

Boma Letu

Shikamoo mzee. Ramani alitupa mhandisi wa halmashauri, nakala iko kwa mtendaji wa kijiji, hiyo nina uhakika. Muhtasari ndo sina uhakika, nimempigia mwenyekiti asubuhi anasema daftari la zamani alibaki nalo mtendaji aliyehama. Kesho nakwenda kata kuangalia kama nakala ilifika.

Nesi asante dada, hilo la nyumba ya mtumishi hatukuwahi hata kulifikiria, eneo lipo la kutosha. Mwandishi, kama ungekuwa wewe ndo unamwandikia mbunge swali ungeliwekaje?

Mwandishi Dom

Ningeandika hivi, mrekebishe kadri mnavyopata taarifa:

"Je, boma la zahanati ya Kijiji cha (jina), lililofikishwa hatua ya lenta kwa nguvu za wananchi, limetengewa kiasi gani katika bajeti ya halmashauri kwa mwaka huu wa fedha, na hadi sasa kiasi gani kimepelekwa? Je, ni watumishi wangapi na wa kada zipi wamepangwa kwa ajili ya zahanati hiyo?"

La nyongeza akae nalo mfukoni, asilitoe kwa mtu: kwa kuwa tarehe fulani, ukurasa fulani wa Hansard, Serikali ilisema itatenga fedha, na bajeti iliyofuata haikutenga, je Waziri anawaambia nini wananchi waliochangia tofali? Hapo tarehe na ukurasa lazima viwe sahihi, asije akakamatwa kwenye kanuni. Na mpelekeeni kwa barua yenye mhuri wa kijiji na picha za boma, barua anaiweka kwenye faili, ujumbe wa WhatsApp unapotea.

Pia kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, mwananchi unaweza kumwandikia mkurugenzi moja kwa moja kuomba taarifa ya bajeti ya mradi, ana siku 30 za kujibu. Wachache wanaitumia. Iandikeni sasa hivi ili mbunge akisimama awe na jibu la halmashauri kwa maandishi.

Msukuma wa Magu

Msimamo wangu kuhusu wabunge bado ni ule ule. Ila hiyo barua ya siku 30 hata mimi naiandika wiki hii kwa ajili ya kituo cha afya cha kwetu, wodi ya wazazi ilisimama kwenye msingi. Mwandishi nielekeze anwani, inakwenda kwa mkurugenzi au kwa mganga mkuu?

Diwani Mstaafu

Kwa mkurugenzi mtendaji, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, nakala kwa diwani wako. Ukifika masjala gonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, usiondoke bila huo mhuri. Na Boma Letu, ukikosa muhtasari kata usihangaike na daftari la zamani, muombe mwenyekiti aitishe mkutano mkuu kabla ya Novemba, ajenda iwe zahanati na nyumba ya mtumishi, mahudhurio yasainiwe.